Sherehe: neno lililokuja kufungua kifua

Jioni moja mpwa wangu, anayesoma gredi ya nane, alikuwa amejinyoosha mkekani ukumbini kwa mama, Mji wa Kale, kitabu cha mashairi mbele yake. Akainua kichwa. "Mjomba, mwalimu yuwasema kabla ya kulisoma shairi tupitie sherehe kwanza. Sherehe gani tena?"

Nikamwambia afungue kurasa za mwisho. Akapekua, akalikuta: neno SHEREHE kwa herufi kubwa, na chini yake orodha ndefu ya maneno magumu na maana zake. Auni, msaada. Hidaya, zawadi. Akacheka, akasema matatu anayopanda kwenda Kisauni imeandikwa SHEREHE SHERIA kwenye kioo cha nyuma, na kila mtu anajua hiyo ni sherehe gani. "Ni neno moja hilo, Mjomba, au ni mawili?"

Mama alikuwa pembeni anakanda unga wa mahamri ya asubuhi. Hakungoja nijibu. "Si moja hata kidogo. La kitabuni ni la wenye elimu. Hilo la matatu ni la walevi, vijana wamelitwaa wakaliharibu."

Neno ni moja. Lakini maumivu ya mama nayaelewa, na nimeona swali la mtoto linastahili jibu refu kuliko nililompa usiku ule.

Tuanze na lilipo leo. Kwa vijana wengi wa Mombasa, na wa Kenya nzima, "tuko sherehe" haimaanishi kuna mtu anaoa. Maana yake kuna muziki, kuna chupa, na hakuna anayetazama saa. "Kupiga sherehe" ni kunywa na kucheza mpaka chee. "Mtu wa sherehe" ni yule ambaye Ijumaa usiku haimkuti nyumbani. Ukitafuta neno moja la Kiswahili cha sasa linalobeba ulevi na furaha kwa pamoja, ndilo hilo. Desemba ikifika, wageni wa bara wakishuka kwa treni na mabasi, utalisikia kutoka Nyali hadi Mtwapa, redioni, kwenye mabango, vinywani mwa watu wa bodaboda. Linaandamana na mwenzake, "Mombasa raha". Na huyo mwenzake naye ana habari zake.

Kisu na kifua

Asili ya sherehe ni Kiarabu, na mwenye kujifunza Kiarabu huanza na herufi tatu za mzizi. Hapa ni shin, ra, na ile ha inayotoka katikati ya koo. Maana ya zamani ya mzizi huo iko mikononi mwa muuza nyama: kuichana nyama vipande vyembamba, kuifungua ilale wazi. Mpaka leo kipande chembamba cha nyama au samaki huitwa shariha, na elimu ya kupasua mwili ili kujua viungo vyake huitwa tashrih. Vijana wetu wanaokwenda Saudia na Dubai kutafuta kazi hukutana na neno hilo siku ya kwanza bila kulitambua, maana kile kikadi cha laini ya simu nacho huko ni shariha. Ni kipande chembamba tu.

Kinachofunguliwa kikawa ni maneno badala ya nyama. Sharh ni maelezo yanayoyapasua maneno mazito mpaka yaonekane yalichobeba ndani. Wanazuoni waliandika matini fupi, wakaja wengine wakaiandikia sharh yake, na aliyefuata akaandika sharh juu ya sharh. Mashekhe wa Mombasa na Lamu wamesomesha kwa njia hiyo vizazi na vizazi: sentensi ya matini, kisha ufafanuzi, kisha sentensi nyingine. Kwa hiyo ukurasa wa mwisho wa kitabu cha mpwa wangu umerithi jina la kazi ya zamani sana. Mwandishi anakuchania neno gumu, analilaza wazi.

Halafu kuna kifua. Sura ya 94 ya Kurani, yenye aya nane tu, huanza "Alam nashrah laka sadrak". Hakuna mtoto wa chuo cha Kurani Mombasa asiyeijua kwa moyo. Kitenzi kilichomo ni hicho hicho cha shin, ra na ha, na wafasiri wa Kiswahili wamekitafsiri kwa neno tamu: je, hatukukunjulia kifua chako? Nabii Musa naye, katika Surat Taha, anapotumwa kwa Firauni huomba kwa kitenzi hicho hicho akunjuliwe kifua. Kifua kilichobanwa ni cha mwenye dhiki. Kikifunguka, ndiyo furaha, na Waarabu huiita inshirah.

Kiswahili hakikuhitaji kufundishwa picha hiyo. Sisi wenyewe husema mtu amekunja uso akiwa na hasira, na mwenye furaha tunamwita mkunjufu, yaani aliyekunjuliwa, kama kanga iliyotolewa sandukuni ikatandazwa. Neno la Kiarabu lilipotua Pwani lilikuta mahali pake pameshatengwa. Likaingia na mizigo yake yote miwili, kufungua maana na kufungua kifua, na kamusi zetu zimezitunza maana zote mbili. Anayeendesha hafla na kuichangamsha ni mshereheshaji. Anayefafanua shairi naye analisherehesha.

Sauti nazo zilijipanga kwa utaratibu. Kiarabu samih kikawa samehe, istarih ikawa starehe, tarawih ikawa tarawehe: ile i iliyo jirani na ha ya koo huteremka ikawa e, kisha e hiyo hiyo hurudiwa mwishoni, kwa sababu Kiswahili hakipendi kumaliza neno kwa konsonanti. Na sharh ikawa sherehe, kama sharia ilivyokuwa sheria.

Hapo hapo tuimalize ile ya kwenye kioo cha matatu. Sherehe na sheria zinafanana sikioni lakini si ndugu. Ya pili inamalizika kwa ayn, na kwa Waarabu wa jangwani sharia ilikuwa njia ya kuteremkia majini, pale watu na ngamia wanapokwenda kunywa. Likaja kuwa neno la njia ya kufuatwa, kisha la sheria. Aliyeyaweka maneno hayo mawili pamoja alivutwa na mlio wake, na mlio wake ni mzuri kweli.

Sherehe ilipokuwa na mwenyewe

Nilivyolikuta mimi neno hili nikikua, sherehe ilikuwa na mwenyewe, na watu walialikwa. Sherehe ya Maulidi, na zefe ikipita mitaani kwa matwari. Sherehe ya arusi, yenye siku zake: siku ya hina, usiku wa nikaha, siku ya kupamba, vugo na chakacha kwa kina mama, walima wa biriani. Mtu akirudi Haji alifanyiwa sherehe. Serikali nayo ikalichukua neno kwa siku zake, tukawa na sherehe za Madaraka tarehe 1 Juni na za Jamhuri tarehe 12 Desemba. Mwaka 2019 zile za Mashujaa, tarehe 20 Oktoba, ziliandaliwa hapa hapa Mombasa, bustani ya Mama Ngina, bahari ikiwa mbele ya jukwaa. Kulikuwa na gwaride na hotuba, na hakuna aliyeshangaa siku ya kuwakumbuka mashujaa, wengi wao marehemu, kuitwa sherehe. Neno lilikuwa pana kiasi hicho.

Na ulevi? Ulevi ulikuwa na nyumba yake, na maneno ya nyumba hiyo hayakutoka Uarabuni. Kulewa ni neno la Kibantu, na lina jamaa kubwa: mlevi, kileo, kulevya, kulevuka pombe inapokutoka kichwani. Kuna na kulewalewa, kuyumba huku na huku, ambako hata chombo kikipigwa na mawimbi huambiwa kinalewalewa.

Tembo nalo linataka maneno machache, kwa sababu mpwa wangu alinionyesha daftari lake nikashtuka. Walipewa methali ya "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji" waichoree picha. Alikuwa amechora ndovu mkubwa, mkonga umeinuliwa, na mtu kando anammwagia ndoo ya maji. Mchoro mzuri hasa. Nikamwomba aisome methali polepole, aniambie ile "li" katika "hulitia" inamrejelea nani. Mnyama angekuwa "humtia". Hii "li" ni ya ngeli ya jiwe na jani, na tembo lenye ngeli hiyo ni utomvu wa mnazi. Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, kotama kiunoni, akakata ncha ya karara ambalo halijafunguka, akafunga kibuyu kinachokinga matone. Utomvu huo huanza kuchachuka ukiwa bado juu mtini, kwa hamira inayojizalia yenyewe hewani na kibuyuni. Ukiteremshwa mapema ni tembo tamu, ukikaa kutwa ni kali, ukiachwa siku kadhaa unakuwa siki. Sasa mgema akisifiwa sana, kibuyu kile kile anakiongeza kwa maji. Mtoto alifuta ndovu. Nilimwambia asimfute, amwache pembeni, lakini alishaamua.

Siku hizi Mombasa tembo hilo tunaliita mnazi tu, jina la mti limehamia kwenye kinywaji, na mahali pa kulinywea ni mangwe. Majirani zetu Wamijikenda huliita uchi, na kwao hali ni tofauti na ya mjini: kinywaji hicho kimo ndani ya mila yenyewe. Huletwa kwenye mahari, humwagwa kwa wahenga katika tambiko, hunywewa kwenye arusi na matangani kwa utaratibu unaojua nani mkubwa na nani mdogo. Kule Kilifi na Kwale kinywaji na shughuli vilikaa pamoja siku zote, chini ya macho ya wazee. Ni katika miji ya Waislamu, Mombasa ikiwemo, ambako neno la furaha ya hadhara na neno la kulewa yalikaa nyumba mbalimbali. Mlevi alikuwepo, daima alikuwepo, lakini alikokwenda hakukuitwa shereheni.

Mvinyo ndani ya raha

Hapa ndipo nilipokuwa nikitaka kufika, kwa sababu ndipo dai la mama linapopata mtihani. Tazama maneno yetu ya furaha yaliyotoka Kiarabu: raha, starehe, karamu, sherehe. Ukiyafuata hadi kwao utakuta mengine yameshakaa karibu na mvinyo kabla hata hayajapanda jahazi kuja Mombasa.

Raha ni kupumzika. Mzizi wake, ra, waw na ha, ndio uliozaa roho, na ndio uliozaa tarawehe, swala za usiku wa Ramadhani zilizoitwa hivyo kwa sababu ya pumziko baada ya kila rakaa nne. Katika hadithi mashuhuri Mtume anamwambia Bilal, mwadhini wake, awapumzishe kwa swala, na kitenzi ni cha mzizi huu. Wimbo wetu wa taifa wa mwaka 1963 unaomba "raha tupate na ustawi", na tuni yake ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto alale, jambo ambalo kila nikilikumbuka naona raha ile imekaa mahali pake hasa. Wakatoliki huwaombea marehemu wao: raha ya milele uwape ee Bwana. Ni neno la makaburini, la msikitini, la utotoni. Na bado, katika Kiarabu cha washairi wa zamani, rah ni mojawapo ya majina ya mvinyo. Waliouita hivyo walisema unampa mnywaji raha.

Karamu inatoka kwenye karam, ukarimu. Herufi hizo hizo, zikisomwa karm, ni mzabibu. Waarabu wa kabla ya Uislamu waliuona mvinyo unawafanya watu watoe mali kwa mkono wazi, wakaufunga mti na sifa kwa neno moja. Ndipo ikaja hadithi ya Mtume inayokataza kuuita mzabibu karm, kwa maelezo kwamba karm ni moyo wa muumini. Nimeisoma hadithi hiyo mara nyingi. Ni mabishano ya neno, karne ya saba, yanayofanana kabisa na yale ya ukumbini kwa mama: nani mwenye haki ya kulitumia neno jema, na kwa jambo gani.

Na mama mwenyewe, huku akiwasema walevi, mikono yake ilikuwa ndani ya mzizi wa pombe. Mahamri ni ya kha, mim na ra. Ndiko inakotoka hamira, na ndiko inakotoka khamri, kileo kilichoharamishwa. Msingi wa mzizi huo ni kufunika. Khalifa Umar alisema mimbarini kwamba khamri ni kile kinachoifunika akili. Mtandio wa kichwa ni khimar kwa sababu unafunika. Na unga wenye hamira hufunikwa uachwe mpaka uumuke. Nilipomaliza kumweleza, mama alikuwa anatandaza kitambaa cheupe juu ya bakuli, anakibana pembeni kwa vidole. Akaniangalia, akalisukuma bakuli karibu na jiko penye joto. "Haya," akasema, "lakini mahamri hayamlevyi mtu."

Ni kweli, hayamlevyi. Maneno ya ukoo mmoja huweza kuishi maisha mbalimbali. Sharubati yetu ya embe na ya ukwaju, tunayomwekea mfungaji magharibi, inatoka kwenye sharab, na Waarabu wakisema sharab husema kinywaji cho chote. Watu wa Mombasa wenye asili ya Kihindi, wenye Kihindi na Kiurdu chao, wakisema sharab wanasema pombe. Mtaa mmoja, mzizi mmoja, glasi mbili.

Sasa angalia: kati ya maneno yetu manne ya furaha, raha na starehe zina ndugu aliyeitwa mvinyo, karamu ina ndugu mzabibu. Sherehe pekee ndiyo iliyokuja bila harufu hiyo. Nyuma yake kuna nyama iliyochanwa, kuna maelezo ya vitabu, kuna kifua kilichokunjuliwa. Na ndiyo hiyo iliyokaa kioo cha nyuma cha matatu.

Ilifikaje huko? Njia ya kwanza ni ya kawaida na haina mwenye kosa. Neno pana likiandamana sana na jambo moja, jambo hilo hulimeza. Ukimuuliza mtu wa Mombasa kama fulani anakunywa, hakuna atakayedhani unauliza maji au chai. "Yeye hanywi" ni sentensi kamili. Kinywaji kimekwenda njia hiyo. Nyumba za starehe zinazotajwa kwenye taarifa za habari ni baa, ilhali starehe asili yake ni kutulia tu. Ijumaa nayo, kwa Wakenya wa mjini, imekuwa Furahiday, na hakuna anayeuliza furaha hiyo inauzwa wapi. Pale sherehe za arusi na za kuzaliwa zilipohamia kumbini na hotelini, zikaja na baa yake, kilichokuwa sehemu ya shughuli kikawa ndiyo shughuli. Sheng ikalichukua neno hapo, ikaliondolea mwaliko na mwenye shughuli. Mtu anaweza kupiga sherehe Jumanne, yeye na rafiki mmoja, bila sababu.

Njia ya pili ndiyo inayoniuma mimi. Kiswahili kina tabia ya kutafuta neno la staha kwa jambo lenye aibu, na tabia hiyo ni nzuri. Kupiga maji, kupiga mtindi, zote ni tafsida za zamani za kulewa, maji na maziwa yakisimama mbele ya pombe. Lakini kijana akisema "jana tulikuwa ulevini" anajishtaki kwa kinywa chake, na akisema "jana tulikuwa sherehe" hana alichofanya ila kufurahi na wenzake. Nimewazika jamaa wawili ambao kwa miaka kadhaa kila mtu, mimi nikiwa mmoja wao, alisema wao ni watu wa sherehe. Hakuna aliyesema walevi. Neno lililokuja kwetu kwa kazi ya kufungua tulilitumia kufunika, na kufunika, kama nilivyosema, ni kazi ya mzizi mwingine.

Kwa hiyo mama amepata nusu. Vijana hawakuliharibu neno, maana maneno ya furaha na kileo yamekuwa yakitembeleana tangu zama za washairi wa jangwani, na kuyazuia hakuwezekani. Ninacholilia ni ile maana nyingine, ya ufafanuzi, ambayo inakufa kimya kimya. Vitabu vipya vingi sasa huandika "msamiati" au "faharasa" mwishoni, na mwalimu anayesema "pitieni sherehe" huchekwa darasani. Mpwa wangu nimempa kazi. Daftari lake la Kiswahili lina kurasa tupu nyuma, na juu ya ukurasa wa kwanza amekwisha kuandika neno hilo kwa kalamu nyekundu. Chini yake mstari wa kwanza ni wa tembo, wenye maana zote mbili, na ndovu mdogo amerudi pembeni.

Mwaka jana tulioza kijana wetu. Nikaha ilifungwa msikitini baada ya Isha, kisha tukatoka barazani, mabusati yametandikwa na viti vimepangwa kando kwa wasioweza kukaa chini. Halua ikapita kwenye sinia, kahawa chungu ikamiminwa kwenye vikombe vidogo kutoka kwa dele. Nilikuwa nimemwalika mfanyakazi mwenzangu, mtu wa bara, muungwana, amevaa suti na tai katika joto lile. Akala halua, akanywa kikombe cha kahawa, akanywa cha pili. Akaniinamia sikioni.

"Bosi, sherehe yenyewe inaanza saa ngapi?"

"Ndiyo hii," nikamwambia.

Akatazama mbele. Wanaume wamekaa bega kwa bega, watoto wanakimbizana na vipande vya halua mikononi, kutoka ndani vigelegele vya kina mama vinapanda na kushuka, mnuso wa udi unapita. Alikuwa anawaza, niliona. Wakati huo akaingia mzee mmoja wa mtaa, kanzu nyeupe, kofia ya vito, bakora mkononi. Mwenzangu, aliyelelewa vizuri kwao, akasimama mara moja kumpisha kiti.

Mzee akainua kiganja. "Starehe, bwana. Starehe."

Mwenzangu akanigeukia, macho yamefunguka, kama mtu aliyesikia hatimaye kile alichokuwa akikingoja. Nikamweleza: hilo ndilo neno lenyewe lilivyokuwa, Mwarabu humwambia mgeni wake istarih, na kwetu mzee akikwambia starehe anakwambia usijisumbue, usiinuke kwa ajili yangu, tulia ulipo.

Akaketi. Mzee akajivutia kiti kingine kando yake, akamwashiria kijana wa kahawa, akaanza kumuuliza habari za kwao.